Hai tenshen ya gari ni nini, na mbona inamrusha fundi

Betri ya gari ni volti 12, ukishika teminali zote mbili na mikono mikavu husikii kitu, sasa mbona fundi akigusa waya ya plagi injini ikinguruma anaruka vile? Ni koili. Ile stima inayotoka kwa koili ikaenda kwa plagi kupiga cheche ya kuwasha petroli, ndiyo hai tenshen.

Iko hivi. Ndani ya koili mna waya mbili zimezungushwa kwa chuma, moja nene ya mizunguko michache, nyingine nyembamba ya mizunguko kama mara 100 zaidi. Stima ya betri inapita kwa ile nene halafu inakatwa ghafla, na hapo kwenye kukatwa ndio balaa linazaliwa, kama vile ukifunga mfereji kwa nguvu bomba linapiga kishindo ukutani. Waya nyembamba inatoa volti 20,000 kwenda juu, na hizi koili za kisasa zinazokaa juu ya plagi zaweza kupita 40,000. Hata ile nene yenyewe hufika volti mia kadhaa kwa ule mkato, hilo wengi hawalijui wanashikashika soketi ya koili hivi hivi.

Kwa kawaida haiui manake nguvu yenyewe ni ndogo na inadumu milisekunde chache. Lakini mwenye pesimeka kifuani, kile kifaa cha kuendesha mapigo ya moyo, asisogelee kabisa. Sisi wengine hatari kubwa ni ule mruko, mkono unaenda bila ruhusa yako, na pale mbele pana feni na belti zinazunguka.

Na hii ya kusema "mi nimevaa champali za mpira" haisaidii, tumbo limeegemea madigadi, mkono wa pili uko kwa injini, stima ishapata njia yake. Ongeza jasho la Mombasa. Raba za plagi zikichakaa zikapasuka, stima inavuja nje, na hiyo utaiona usiku pahali penye giza, fungua boneti utazame kwa mbali, cheche za buluu zitajionyesha.

Mimi kile sikipendi ni kuchomoa waya za plagi moja moja injini ikiwaka ili kujua silinda gani imelala. Koili ikikosa pa kutolea cheche hutafuta njia nyingine, aidha itoboke ndani kwa ndani ama ipitie kwako. Kwa gari ya kawaida kama Probox chomoa soketi ya injekta, ile inayonyunyiza petroli, badala yake, silinda inazima vilevile na petroli mbichi haiendi kwa egzosi.

Kujaribu cheche pia, usiishike plagi na vidole. Zima gari, toa fyuzi ya pampu ya mafuta, funga plagi kwa klipu na waya iguse chuma cha injini, mbali na tundu ilimotoka, maana ukipiga stata lile tundu linatema mvuke wa petroli na cheche iko pale pale.

Na nyinyi wa bodaboda msicheke, CDI nyingi, kile kisanduku kinachoendesha cheche ya pikipiki, zina kapasita ya volti 200 na zaidi, inaweza kubaki na chaji hata ukishazima, kwa hivyo pini zake usizidodose na kidole.