Miezi mitatu bila kipe: dagaa wa Tanganyika wanapata nini?

Tangu Tanzania ilipofunga uvuvi Ziwa Tanganyika kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, 2024, swali ninaloulizwa kila nikifika mwaloni ni moja: miezi mitatu itasaidia nini kwenye ziwa kubwa namna hii? Kazi yangu ni utafiti wa samaki. Jibu langu ni kwamba inasaidia sana, ila si kwa samaki wote, na haitoshi peke yake.

Dagaa aliyeipa Kigoma sifa, Stolothrissa tanganicae kwa jina la kitaalamu, huishi mwaka mmoja hivi. Akishaanguliwa, hukulia maji ya karibu na ufuko, kisha hutoka kwenda kilindini, ambako vipe, yaani vyombo vya kuvulia dagaa usiku kwa wavu na taa, vinamsubiri. Kwa samaki wa umri mfupi kiasi hicho, miezi mitatu ni kama robo ya maisha. Wengi wanaopona kipindi hicho hupata nafasi ya kutaga kabla hawajavuliwa.

Majira yenyewe nayo yamechaguliwa vizuri. Ziwa hili lina kina cha karibu mita 1,470, lakini upande wa kaskazini oksijeni huishia kwenye mita 100 hivi, na kusini hushuka hadi mita 200 hivi. Chini ya hapo samaki hawezi kuishi, ila ndiko iliko rutuba yote iliyozama. Kuanzia Mei, pepo za kusini-mashariki husukuma maji ya juu kuelekea kaskazini, na kule kusini maji ya chini hupanda kuziba nafasi, yakija na rutuba yake. Hapo mimea midogo isiyoonekana kwa macho hustawi, vijidudu huila, na dagaa hula vijidudu. Ziwa Tanganyika hulishwa kutoka chini.

Ndiyo maana joto linanitia hofu kuliko kitu kingine. Maji ya juu yakipata joto huwa mepesi, hukaa juu ya yale ya baridi, na upepo hushindwa kuyachanganya. Mwaka 2003 Catherine O'Reilly na wenzake walikadiria kuwa uzalishaji wa mimea hiyo umeshuka kwa takriban asilimia 20. Mwaka 2016 timu ya Andrew Cohen, ikisoma matope ya sakafu ya ziwa, ilionyesha kuwa samaki walianza kupungua hata kabla ya uvuvi mkubwa wa kibiashara. Wapo wanaodaka hoja hiyo na kusema basi mvuvi aachwe. Mimi naona kinyume chake. Ghala likipungua, anayechota hana budi kupunguza, kwa sababu joto la dunia hatuwezi kulizuia kutoka mialo ya Kigoma kama Kibirizi na Katonga.

Migebuka, samaki mkubwa anayewala dagaa, ni habari nyingine. Huyu huishi miaka kadhaa na huchelewa kukomaa, kwa hiyo msimu mmoja wa kufunga haumtoshi. Tusimtumie kuupima uamuzi huu mapema.

Kinachoniudhi hasa ni kokoro. Tunaweza kufunga kilindi miezi mitatu, halafu miezi tisa iliyobaki wavu huo wa matundu madogo ukaburutwa ufukweni, mahali palepale vichanga wanapokulia. Doria ya kokoro inatakiwa mwaka mzima, na lazima nchi zote nne zishiriki: Kongo ina takriban asilimia 45 ya ziwa, Tanzania 41, Burundi 8 na Zambia 6. Dagaa walioachwa Kigoma wanaweza kuvuliwa ng'ambo.

Wavuvi wenyewe wamezoea kupumzika. Mbalamwezi ikiwa kali taa hazivuti dagaa, na watu hukaa nchi kavu wakishona nyavu. Lakini siku chache za mwezi mpevu si miezi mitatu. Mama anayeanika dagaa mchangani ana marejesho ya mkopo kila wiki, na ziwa likifungwa deni lake halifungwi. Ningependa vikundi vya kukopeshana na taasisi za fedha zipange marejesho yaruke kipindi hicho, na yapangwe kabla ya Mei, si baada ya watu kukwama.

Ziwa likifunguliwa, usihukumu kwa mavuno ya wiki ya kwanza. Samaki waliolimbikizana huvuliwa kwa wingi hata kama hali haijabadilika. Rudi mwaloni Oktoba na Novemba, chota dagaa bila kuchagua, uwapime urefu. Wakiwa bado wakubwa, tumepata kitu.