Tathmini upya si jina la adabu la kutupa

Nimelisikia tena wiki iliyopita, katika kikao cha maktaba ya chuo: "Ghala limejaa, tufanye tathmini upya." Alichotaka mwenzetu ni lori lije lichukue makasha ya nyaraka.

Maana yake ni fupi. Kutathmini upya nyaraka ni kuurudia mkusanyo ambao maktaba ilikwisha kuupokea na kuusajili, kisha kuuliza kama bado unastahili gharama ya kutunzwa: rafu, makasha, umeme wa kupoza ghala, saa za mtunza kumbukumbu.

Tatizo liko kwenye neno lenyewe. Tathmini limetoka katika Kiarabu, kwenye thaman, yaani bei. Ndugu zake ni thamani, kuthamini na mthamini. Mthamini Tanzania tunamjua: ndiye anayekuja kukagua nyumba na kuhesabu mikorosho kabla watu hawajalipwa fidia, na tangu 2016 kazi yake ina sheria yake. Huyo anatafuta bei. Mtunza kumbukumbu anauliza waraka unathibitisha nini, nani atauhitaji, na kama nakala yake ipo kwingine. Daftari la wanachama wa chama cha ushirika halina mnunuzi, lakini huenda ndilo ushahidi pekee uliobaki wa nani alikuwa mkulima wa pamba pale. Makasha ya vipande vya magazeti ya mtu mashuhuri, ambayo mthamini angeyaandikia bei nono, yanaweza kuwa mzigo mtupu ikiwa magazeti yenyewe yamehifadhiwa kamili mahali pengine.

Halafu kuna hili linaloniumiza zaidi: tathmini ni swali, na kuondoa ni jibu mojawapo tu. Mwaka 1981 mtunza kumbukumbu Mmarekani, Leonard Rapport, aliandika kwamba waraka haupati haki ya kukaa milele eti kwa kuwa ulipokewa zamani. Tujiulize kama leo tungeupokea. Mwaka 1984 mtunza kumbukumbu mwenzake, Karen Benedict, akamjibu kwa makala ambayo kichwa chake kilizungumzia mwaliko wa kwenye moto. Hofu yake, kwamba tathmini upya ingegeuka ruhusa ya kuteketeza nyaraka, naielewa, maana ndivyo neno linavyotumika vikaoni kwetu. Lakini Chuo Kikuu cha Wyoming, hukohuko Marekani, kilipopitia upya makusanyo yake, mengi yaliyoondoka yalihamia taasisi yalikofaa zaidi. Hata mwongozo wa chama cha watunza kumbukumbu wa Marekani wa 2012 unataja mambo mawili katika jina lake: kutathmini upya, na kuondoa.

Kwa hiyo, ndugu yangu, katika muhtasari wa kikao kijacho, ikiwa umekwisha kuamua makasha yaondoke, andika "kuondoa", na uambatishe hati ya makabidhiano tuone aliyeyatoa aliahidiwa nini. Ikiwa bado hujayafungua, andika "tathmini upya", nami nitakuja siku hiyo tuyafungue pamoja.