Betri ya moyo ikishakaa miaka: yanayoharibika na namna ya kuyagundua mapema

Wiki za kwanza baada ya kuwekewa betri ya moyo (pacemaker), kifaa kinachousukuma moyo kwa umeme ili upige, kila mtu yuko makini. Mkono hauinuliwi kupita bega, kidonda kinaangaliwa, ndugu wanapiga simu. Shida ninazozizungumzia hapa huja baadaye, mwaka wa tatu, wa sita, wa tisa, wakati mtu ameshasahau na amerudi kwenye mikorosho yake Tandahimba au kwenye ngalawa Mikindani. Nawalenga zaidi wenzangu wa zahanati na vituo vya afya vya Mtwara na Lindi, maana wagonjwa hawa hupita kwenu kabla hawajamwona daktari wa moyo.

Kifaa ni kasha dogo la titani lililofukiwa chini ya ngozi, chini ya mtulinga, mara nyingi upande wa kushoto. Kutoka hapo waya mmoja, miwili au zaidi hupita ndani ya mshipa wa damu hadi kwenye moyo. Kasha hubadilishwa bila taabu kubwa. Waya ni habari nyingine: kadiri miaka inavyokwenda, makovu huzigandisha kwenye kuta za mshipa na za moyo, na ugumu mwingi hutokea hapo.

Kubwa kuliko yote ni maambukizi ya mfuko, yaani ile nafasi chini ya ngozi linapokaa kasha. Kwenye ngozi nyeusi usisubiri wekundu. Tazama ngozi inayong'aa, iliyokolea rangi kuliko ya jirani yake, iliyokonda hadi kona ya kasha inajichora kama inataka kutoka. Gusa kwa mgongo wa kiganja, linganisha joto na upande wa pili. Tafuta kitundu kinachotoa majimaji. Homa inaweza isiwepo kabisa. Na kasha au waya ikishaonekana nje, hata pakiwa pakavu bila usaha, hesabu kwamba mfumo mzima umeshaambukizwa.

Hapo ndipo mikono inapowasha. Uvimbe ule unafanana na jipu, na jipu sote tunajua kulitumbua. Msilitumbue. Msivute usaha kwa sindano, msishone ngozi irudi juu ya kasha. Sindano inaweza kuingiza wadudu pasipokuwa nao, au kutoboa ala, yaani ganda la nje, la waya uliojikunja mfukoni. Chale na dawa za kubandika nazo zina hatari ileile, na ni vizuri kumuuliza mgonjwa kwa upole kama ameshapitia huko, bila kumsema. Wadudu wenyewe mara nyingi ni stafilokokasi wa kwenye ngozi, ambao hujijengea utando juu ya chuma na plastiki. Antibiotiki haiupenyi vya kutosha. Ndiyo maana sindano za siku tano hukausha usaha, kila mtu akafurahi, kisha usaha ukarudi.

Funika kwa chachi safi na kavu. Kama maabara inaotesha damu kutafuta wadudu, chukua sampuli kutoka angalau sehemu mbili za mwili kabla ya dozi ya kwanza ya antibiotiki. Ila mgonjwa aliyezidiwa, presha imeshuka, asicheleweshwe dawa kwa ajili ya chupa za maabara. Kisha rufaa: hospitali ya Ligula, Sokoine au Ndanda, kutegemea mlipo, halafu Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini pale Mitengo, na safari ya mwisho kwa kawaida ni Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam. Tiba ni kutoa kasha na waya zote. Waya uliokaa zaidi ya mwaka hauvutwi tu ukatoka; unaweza kuchana mshipa au ukuta wa moyo, hivyo kazi hiyo hufanyika mahali ambapo kifua kinaweza kufunguliwa papo hapo.

Kuna sura nyingine ya maambukizi ambayo hupotea kwa urahisi huku kwetu. Mfuko unaonekana mzima, lakini mtu ana homa za kuja na kuondoka, baridi, uzito unapungua. Kipimo cha malaria hasi, anatibiwa taifodi. Anapata nafuu, anarudi. Safari hii anakohoa, anatibiwa nimonia, kisha anaombwa makohozi ya TB. Huenda vipande vya uchafu vinakatika kutoka kwenye waya ndani ya moyo na kutua kwenye mapafu. Homa inayojirudia kwa mwenye betri ni ya waya mpaka ithibitishwe vinginevyo: damu ya kuotesha na eko, yaani picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti.

Waya pia hukatika. Sehemu dhaifu ni pale unapopita kati ya mtulinga na ubavu wa kwanza, ambapo kazi ya kunyanyua mkono tena na tena huubana kama mkasi. Kutwanga kwa mchi mzito, kupiga kasia, kuvuta nyavu, vyote vinahusika. Kwa bomba la mgongoni la kupulizia salfa kwenye mikorosho nina msimamo mkali: mwenye betri asilibebe. Mkanda unasugua mfuko, na injini ya petroli ikiwa inawaka inatakiwa iwe angalau sentimita 30 kutoka kwenye kifaa. Kijana mwingine apulizie.

Waya ukikatika, umeme haufiki. Ala ikichubuka, umeme unavuja, na mgonjwa anaweza kusema nyama ya kifua inarukaruka. Wagonjwa wa aina zote mbili wanaweza kuja na kizunguzungu au kuanguka. Hesabu mapigo dakika nzima, si sekunde 15 mara nne, ulinganishe na kiwango cha chini kilichoandikwa kwenye kadi ya betri, mara nyingi 60. Yakiwa pungufu, weka stethoskopu kifuani uhesabu tena, kwa sababu pigo la ziada huweza lisifike kwenye kifundo cha mkono. Bado pungufu? ECG (kipimo cha umeme wa moyo) na picha ya kifua siku hiyohiyo.

Mkono wa upande wa betri ukivimba, fikiria mshipa ulioziba. Pumzi ikianza kukata na miguu kujaa baada ya miaka, omba eko: kusukumwa na betri muda mwingi kutoka chemba ya chini ya kulia kunaweza kuuchosha moyo, na wakati mwingine dawa ni kuongeza waya wa upande wa kushoto.

Betri yenyewe kwa kawaida hudumu kati ya miaka 7 na 12. Haizimiki ghafla, mashine ya kuisomea huonyesha alama ya kubadilishwa, na tangu hapo kwa kawaida imebaki takriban miezi mitatu. Miezi hiyo si mingi kwa mtu wa Newala. Mei 2024, mvua za kimbunga Hidaya zilikata barabara ya Lindi na Dar es Salaam eneo la Somanga. Kwa hiyo, kama betri imeshapita mwaka wa sita, nashauri kliniki mara mbili kwa mwaka, na moja iwe kabla ya masika, ili alama ikionekana mtu asafiri wakati njia bado kavu.