Hina, piko na tatuu kazini: kipi kina madhara, kipi kinaonewa

Harusi na sikukuu zikipamba moto Tanga, wafanyakazi hurudi kazini mikono imejaa maua. Kuna mwajiri anayemrudisha mtu nyumbani papo hapo, na kuna asiyesema neno hata mikono ikiwa imetoka malengelenge. Wote wanakosea, kwa kuwa hawaulizi pambo limechorwa kwa kitu gani.

Hina ya majani haina tatizo kazini. Unga wake wa kijani hukandwa kwa maji au ndimu, ukakaa ngozini saa kadhaa. Ukibanduka huacha rangi ya chungwa, nayo hukolea kwa siku moja au mbili hadi kuwa damu ya mzee. Rangi hiyo imeshika ngozi ya juu, haizuii kunawa. Mpishi au muuguzi mwenye hina ananawa kama mwenzake yeyote. Kwa mgonjwa iko tahadhari: kidole kilichokolea rangi kinaweza kukifanya kipimo cha oksijeni kisome vibaya, basi kibanwe kwenye kidole kisichopakwa au kwenye ndewe ya sikio.

Hatari iko kwenye piko, rangi nyeusi ya kuchorea ngozini. Nyingi hukorogwa kwa kanta, ile ya kupaka nywele, yenye kemikali ya parafenilenidiamini (PPD). Umoja wa Ulaya umeweka kikomo cha asilimia 2 kwenye rangi ya nywele iliyokwisha kuchanganywa, na kuichorea ngozi hauruhusu kabisa. Mchoraji anayekoroga kwa kukadiria hawezi kujua amefika asilimia ngapi. Piko utaitambua kwa weusi wake: tititi, chini ya saa moja, jambo ambalo hina ya majani haiwezi.

Mtu anaweza kupaka piko mara kadhaa asione kitu, na hapo ndipo wengi wanapojiamini. Mwili ukishaikataa, kwa kawaida ni kwa maisha. Akipaka tena, ndani ya siku 1 hadi 3 ngozi huwasha, huvimba, kisha malengelenge hufuata mchoro wenyewe, ua kwa ua, jani kwa jani, na kovu linaweza kubaki hivyo hivyo. Msusi aliyefika hapo huenda asiweze tena kushika rangi ya nywele, yaani kazi yake imeingia hatarini kwa pambo la siku moja. Inauma, kwa sababu ilizuilika.

Yakitokea, osha kwa maji na sabuni isiyo kali, usitumbue, usipake dawa ya meno wala majivu. Nenda kituo cha afya useme wazi kuwa ni piko. Mwajiri amwondoe mwenye vidonda wazi kwenye chakula na wagonjwa, ampe kazi nyingine hadi apone, na asiifanye adhabu.

Tatuu mpya ni kidonda kwa wiki 2 hadi 4: ifunikwe, iepushwe na vumbi la saruji, maji ya bahari na utomvu wa mkonge. Homa ya ini na VVU huja kwa sindano na wino visivyo safi wakati wa kuchora. Tatuu iliyopona haimwambukizi mtu, hivyo kumnyima mtu jiko kwa sababu yake hakumlindi mlaji yeyote. Na alama za ngozini si ngeni kazini: mkonge wa mkoa huu ulikatwa na manamba, vibarua waliotoka mbali, wakiwemo Wamakonde wenye nembo za kuchanjwa usoni.

Kisheria, kifungu cha 7 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 kinakataza ubaguzi wa dini, kabila, jinsia na mengineyo, lakini tatuu hakikuitaja. Mwajiri anaweza kuweka kanuni ya mwonekano; iwe ya maandishi, itokane na kazi yenyewe, iwahusu wote. Marufuku inayowaangukia wanawake wenye hina peke yao inaweza kugeuka ubaguzi wa jinsia.

Kuachisha kazi kunahitaji sababu halali na utaratibu wa haki. Aliyefanya kazi miezi 6 au zaidi akaachishwa isivyo haki ana siku 30 za kupeleka malalamiko kwa fomu CMA F1 kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA). Aende na nakala ya barua ya kuachishwa na ya kanuni anayodaiwa kuivunja. Kama kanuni hiyo haijawahi kuandikwa, aliseme hilo mwanzo kabisa.