Balansi ya magurudumu: kwa nini usukani hutetemeka ukikaribia 100

Kutoka Pangani hadi Roysambu gari limetulia tuli. Ukishapita Githurai, barabara ikafunguka na mshale ukagusa 85, usukani unaanza kucheza mikononi. Kwenye 100 unacheza zaidi, halafu ukizidi hapo unapoa kidogo, kana kwamba gari limejitibu. Hiyo ndiyo dalili ya gurudumu lililokosa balansi, na ndiyo inayopelekwa alaimenti kila siku Nairobi hii bila kupona.

Tutenganishe maneno haya mawili, kwa sababu yanachanganywa hata na watu wanaoishi kwa kazi hiyo. Alaimenti ni pembe: gurudumu linaelekea wapi na limeinama kiasi gani. Pembe zikiharibika, gari huvuta upande mmoja, usukani hukaa mshazari barabara ikiwa imenyooka, na tairi huliwa ndani au nje. Balansi ni uzito: tairi na rimu vikizunguka pamoja, uzito wake uwe umesambaa sawasawa pande zote. Alaimenti mbaya peke yake haitikisi usukani. Ukiambiwa "tupige alaimenti kwanza tuone", jua hapo panapigwa ramli.

Uzito wenyewe unaosumbua ni mdogo ajabu. Chukua tairi la 195/65R15, ambalo limejaa kwenye magari ya Nairobi. Mzunguko wake mmoja ni karibu mita 2, kwa hiyo kwenye kilomita 100 kwa saa linazunguka kama mara 14 kila sekunde. Upande mmoja wa rimu ukizidi kwa gramu 30, yaani vijiko viwili vya mezani vya maji, gramu hizo zinavuta kwa nguvu ya zaidi ya kilo 4, mara juu, mara chini, mara 14 kwa sekunde. Kwenye kilomita 50 nguvu hiyo ni robo tu, maana hupanda kwa mraba wa mwendo. Ndiyo sababu foleni ya Mombasa Road haikuonyeshi kitu. Hata Expressway, ambako mwisho ni 80, unaweza kuipita miezi mingi usijue gari lako lina shida, hadi siku ya safari ya Nakuru.

Na kule kupoa baada ya 100? Gurudumu likiwa limeshikwa na springi, bushi na raba ya tairi lina mdundo wake wa asili, na kwa gari dogo huwa kati ya mara 10 na 15 kwa sekunde. Mzunguko wa tairi ukikutana na mdundo huo, ni sawa na kusukuma bembea kila inaporudi: kila sukumo linaongezea jingine. Ukiupita, sukumo haliendi tena na bembea, mtikiso unashuka. Uzito uliozidi bado upo pale pale, na beringi na boljointi zinaendelea kupigwa.

Kabla ya kununua chochote, jiulize mtetemo unasikika wapi na lini. Ukiwa mikononi, anzia magurudumu ya mbele. Ukiwa kwenye kiti na sakafu huku usukani umetulia, angalia ya nyuma. Ukija pale tu unapokanyaga breki, acha magurudumu, nenda kwenye diski: unene wake ukitofautiana hata kwa milimita 0.02 sehemu na sehemu, kanyagio litapiga mguuni. Ukija unapokanyaga mafuta na kutoweka ukiyaachia, shuku sivi jointi ya ndani (kiungo cha ekseli upande wa giaboksi), hasa kama hutokea kwenye kupanda mlima, au maunti za injini (raba zinazoishikilia) zilizokufa. Kisha simamisha gari, weka P, pandisha injini hadi mzunguko ule ule uliokuwa ukiusoma barabarani. Ikitetemeka gari likiwa limesimama, magurudumu hayana kosa.

Sikiliza pia mdundo wenyewe. Gurudumu hutikisa kwa namna unayoweza karibu kuihesabu, na usukani unauona kwa macho ukienda kushoto na kulia. Injini kwenye mizunguko 2,500 kwa dakika hupiga mara 40 na zaidi kwa sekunde, na propela (shafti ndefu ya chini) ya gari linalosukumwa nyuma huzunguka mara tatu hadi nne kwa kila mzunguko mmoja wa gurudumu. Hizo hazitikisi, zinavuma. Unazisikia kama ganzi kwenye vidole. Beringi iliyoisha nayo kwa kawaida hulia kabla haijatikisa, na mlio wake hubadilika ukikata kona.

Jaribio la bure ambalo halifanywi vya kutosha ni kuhamisha magurudumu. Yatie alama ya chaki, ya mbele yaende nyuma na ya nyuma yaje mbele upande ule ule, kisha urudi barabara ile ile kwa mwendo ule ule. Mtetemo ukihama kutoka usukani kwenda kiti, umepata jibu: ni tairi au rimu. Ukibaki mikononi vile vile, tafuta kwenye habu (kitovu ambacho gurudumu hufungwa juu yake), diski, tairodi endi (ncha za fimbo za usukani) na bushi za mbele.

Ukiwa umeinua gari kwa jeki, chungulia upande wa ndani wa rimu. Watu wa Syokimau, Ruai na Athi River wanajua ule udongo mweusi unaonasa kama gundi. Msimu wa mvua hujaa ndani ya rimu, hukauka ukawa kama tofali, na car wash huosha upande unaoonekana tu. Ukwangue kwanza, kwa sababu kupiga balansi juu ya tope ni kupoteza pesa: tope likibanduka wiki ijayo unarudi mwanzo. Tafuta pia alama ya mstatili iliyo safi kuliko rimu nyingine yote, yenye mabaki ya gundi. Hapo palikuwa na kipande cha uzito, kimedondoka. Na kama tairi lilitiwa ile dawa ya maji ya kuziba pancha, mwambie fundi. Maji hayo hutuama chini gari likilala, na mashine ya balansi itatoa jibu tofauti kila ikizungushwa.

Halafu zungusha gurudumu kwa mkono huku umeshika bisibisi ikiwa imetulia karibu sana na uso wa tairi, bila kugusa. Nafasi ikipanuka na kubanwa kwa zaidi ya milimita 1.5 hivi, gurudumu si mviringo tena. Shimo limekunja rimu, au nyuzi za ndani ya tairi zimeachana. Mashine inaweza kulipimia gurudumu kama hilo sifuri kamili, yaani hakuna uzito uliozidi, na bado likatikisa, maana yai lenye uzito sawasawa linabaki yai.

Kwenye mashine, usitazame simu. Rimu huwekwa kwenye shafti na kubanwa kwa koni. Koni au tundu la katikati likiwa na uchafu, gurudumu hukaa upande na vipimo vyote vinakuwa uongo. Fundi anapaswa kuingiza namba tatu: umbali wa rimu kutoka mashine, upana, na kipenyo. Akiacha zile za gari lililotangulia, sifuri utakayoona si yako. Vipande viwekwe sehemu mbili, upande wa ndani na upande wa nje, au kwa rimu za alloy nyuma ya miguu (spoki) yake, kwa sababu uzito wa ndani na wa nje ukipishana, gurudumu huyumba kwa pembeni, na huko kuyumba ndiko kunakocheza na usukani. Mstari mmoja tu ukingoni mwa ndani ni nusu dawa. Kisha omba kitu kimoja: alegeze, ageuze gurudumu nusu mzunguko kwenye shafti, abane, apime tena. Sifuri ikigeuka kuwa gramu 15 au 20, halikukaa katikati. Na mashine ikidai gramu 80 au 100, asibandike msururu wa vipande. Atoe upepo, ageuze tairi nusu mzunguko juu ya rimu, apime upya. Tairi jipya lenye doa la njano, doa hilo ndilo upande mwepesi, likae karibu na valvu.

Kuna ugonjwa mmoja ambao balansi haiugusi, na Nairobi unao kwa wingi: rimu za gari jingine. Premio ya T260 ina nati 5 kwenye duara la kipenyo cha milimita 100, na rimu za Subaru nyingi pia ni 5 kwa 100, kwa hiyo zinaingia bila shida. Lakini habu ya Premio ni milimita 54.1, na tundu la rimu ya Subaru ni 56.1. Rimu inabaki na nafasi ya milimita moja kila upande, na inaning'inia kwenye nati peke yake. Kwenye mashine imekaa katikati, kwenye gari haiko katikati. Dawa ni ringi ya habu, ya nje 56.1 na ya ndani 54.1, ya plastiki au aluminiamu. Pima kwa kalipa, usikadirie kwa jicho. Nati zikazwe kwa kuruka kama nyota, mwisho kwa spana ya kipimo hadi Nm 103 kwa Toyota hizo ndogo. Bunduki ya upepo ikikaza moja kwa nguvu na nyingine nusu, diski hupinda kidogo, na baada ya muda unapata mtetemo wa breki ambao hukuwa nao.

Mitetemo miwili haisubiri wikendi. Wa kwanza ni ule unaoanza ghafla hata kwa kilomita 30 au 40, gari likichechemea: pengine tairi limevimba, na linaweza kupasuka. Wa pili ni ule unaoanza siku moja baada ya gurudumu kufunguliwa na unazidi kadiri unavyokwenda: nati zinalegea. Yote miwili, kaa pembeni, washa hazadi, shuka uangalie.