Kabla ya kuuliza jina la ndege, tazama amesimama wapi

Wengi wanaojiunga na matembezi ninayoongoza kando ya maziwa na vinamasi huja na swali moja: "Yule ni ndege gani?" Huwa silijibu mara moja. Nawataka kwanza watazame kina cha maji aliposimama, kwa sababu kwenye ardhioevu urefu wa miguu na umbo la mdomo ndivyo vinavyoamua ndege atakula wapi.

Anzia ukingoni. Juu ya tope kitwitwi wadogo hukimbia huku na huku wakidonoa vya juujuu. Sululu, mwenye mdomo mrefu uliopinda kuelekea chini, huuchomeka ndani na kutoa minyoo ambayo kitwitwi hawaifikii. Ingia majini kidogo utamkuta domomwiko akipitisha mdomo wake kushoto na kulia, ukiwa wazi kidogo, mpaka uguse kitu cha kuliwa. Heroe (flamingo) yeye hukipindua kichwa, juu chini, ndipo achuje chakula. Kwenye maji marefu ni zamu ya wazamiaji, mnandi na kibisi. Bata ndio wanaowababaisha wageni: wapo wanaozama wazima wazima, na wapo wanaoinama tu mkia ukabaki nje. Ukishaona bata anakula namna gani, umepunguza kurasa nyingi za kitabu cha kutambulia ndege. Mnandi akionekana juu ya kisiki ametandaza mabawa, anayaanika. Manyoya yake hulowa, na hilo humrahisishia kuzama.

Macho mengi huona mengi, ila watu wengi hutisha. Kikundi kikitawanyika ukingoni, ndege huona wamezingirwa. Sisi hufuatana mstari mmoja, tukasimama pamoja, tukatazama, ndipo tukasogea tena. Asubuhi mimi huchagua ukingo wa mashariki ili jua liwe mgongoni. Ukilikabili jua, kila ndege ni kivuli cheusi na rangi zote zimepotea.

Kuelekezana nako kuna kanuni yake. "Yule pale, karibu na matete" haisaidii mahali palipojaa matete. Tunachagua alama moja, tuseme mti mkavu, tunaufanya tarakimu ya 12 kwenye uso wa saa, kisha tunahesabia kutoka hapo. Taja tarakimu, usitaje saa! Ukisema "saa tatu", nusu ya kikundi itageukia 3 na nusu 9, kila mmoja akiamini yuko sahihi.

Darubini ya 8x42 inatosha. Namba ya kwanza ni mara ngapi inakuza, ya pili ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita. Wanaoanza hukimbilia ya 10 au 12, kumbe kila inavyokuza zaidi ndivyo mtikisiko wa mkono unavyozidi kuonekana. Kwa ndege walio katikati ya ziwa, teleskopu moja yenye miguu mitatu huhudumia kikundi kizima kwa zamu.

Kuna jambo ambalo sina mjadala nalo. Ndege wakiacha kula, wakainua vichwa na kuanza kutembea kutupa mgongo, tumeshakaribia mno. Tunarudi nyuma kabla hawajaruka. Baadhi ya kitwitwi huzaliana kwenye nyanda za Aktiki, karibu na ncha ya kaskazini ya dunia, na kusafiri maelfu ya kilomita. Mafuta ya mwili ndiyo akiba yao ya safari, na kila kurushwa bure huila akiba hiyo. Kwa hiyo simu zinazocheza milio ya ndege hubaki mfukoni, na hakuna anayekisogelea kiota ili akipige picha.

Mwishoni tunahesabu. Sensa ya kimataifa ya ndege wa majini ilianza mwaka 1967, ikifanyika hasa kila Januari, na inategemea sana watu wa kujitolea. Kundi kubwa halihesabiwi mmoja mmoja: hesabu kumi wa kwanza, shika ukubwa wa fungu hilo machoni, kisha lipitishe kundini kumi kwa kumi; wakiwa maelfu, tumia fungu la mia. Nawapa watu wawili kundi lilelile, kila mmoja akiandika kivyake bila kuchungulia karatasi ya mwenzake. Wakitofautiana sana, wanarudia. Na tarehe, saa na hali ya hewa huandikwa palepale ukingoni, maana takwimu isiyo na tarehe haina wa kuitumia.