Thenashara Taifa: "taifa" la Mombasa lina maana gani?

Mzee wa Mji wa Kale akikuuliza, "Weye taifa gani?", usimtolee kitambulisho cha Kenya. Taifa analolitaja halina bendera. Anauliza wazee wako walitoka wapi kabla ya kuvuka kuingia kisiwani Mvita, yaani Mombasa yenyewe.

Waswahili wa asili wa Mombasa hujihesabu mataifa kumi na mawili, na ndiyo hiyo Thenashara Taifa. Yamegawanyika mafungu mawili. Thelatha Taifa, yaani mataifa matatu, ni Wakilindini, Watangana na Wachangamwe. Tisa Taifa ni Wamvita, Wajomvu, Wamtwapa, Wakilifi, Washaka, Wapate, Wafaza, Wabajuni na Wakatwa.

Yasome majina hayo kama ramani. Changamwe na Jomvu ziko bara, ng'ambo ya Makupa. Mtwapa na Kilifi ziko juu kidogo, kaskazini. Pate na Faza ni mbali zaidi, kisiwa kimoja huko Lamu. Yaani wengi wa wenyeji hawa nao walikuja, ila walikuja zamani mno hata hakuna anayewaita wageni.

Kisiwa chenyewe kilikuwa na miji miwili. Thelatha walikaa Kilindini, upande wa magharibi, penye kilindi cha maji ambacho leo kinapokea meli za makontena. Tisa walikaa mashariki, kwenye bandari ya majahazi, hapo ambapo Wareno walianza kujenga Ngome ya Yesu mwaka 1593. Baadaye Wakilindini wakahamia upande huo huo wa mashariki, lakini kuwa jirani hakukuwafanya kitu kimoja: kila fungu lilibaki na kiongozi wake, tamim. Ukoo wa Mazrui ulipotawala, na ule wa Busaidi wa masultani wa Omani na Zanzibar ulipouondoa mwaka 1837, mtawala asiyesikilizana na matamim hakukaa raha.

Mwingereza alipokuja akaliandika taifa kuwa "kabila". Mimi naona hapo ndipo mambo yalipovurugika, maana kabila kwenye daftari lake lilikuwa na kodi yake na haki zake, na swali la Mswahili ni mwenyeji au Mwarabu likawa kesi ya miaka mingi.

Siku hizi Kaunti ya Mombasa ina maeneo bunge sita. Matatu yanaitwa Mvita, Jomvu na Changamwe. Mpiga kura wa Jomvu huenda babu yake ni wa Kitui au Siaya, naye Mjomvu wa ukoo akawa anaishi Kibokoni, mtaa wa Mji wa Kale, ng'ambo ya maji.